Pombe ni ya Nani? Habari za Kilabu na Mgahawa katika Mji wa Tukuyu

Katika nchi ya Rungwe, mazungumzo juu ya ulevi yakianza, haupiti muda mrefu kabla ya mtu mmoja kusema kwamba zamani pombe ilikuwa ya wazee. Husemwa kwamba kijana hakuionja, mwanamke hakukaa mahali inaponywewa, na chungu hakikutolewa ila kwa sababu maalumu: tambiko, maziko, arusi, au kazi ya shamba. Siku hizi, huendelea msemaji, kila mwenye shilingi hunywa. Maneno haya yameenea hata mwanahistoria Mwingereza Justin Willis akayafanya kichwa cha makala yake juu ya Wanyakyusa, iliyotoka mwaka 2001, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima, Potent Brews, juu ya vileo katika Afrika Mashariki. Mtaalamu anaposhughulika kiasi hicho na maneno ya barazani, nasi yatupasa kuyapima kabla ya kuyakubali au kuyakataa.

Mimi naona kuwa maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye historia. Wazee waliinywa pombe, wakaigawa, wakaimwaga chini kwa ajili ya wahenga. Lakini hawakuipika.

Yafaa basi tuanze na chungu chenyewe. Pombe ya asili ya Wanyakyusa, ambayo kwa lugha yao huitwa ubwalwa, ni pombe ya ulezi. Ulezi hulowekwa, kisha hufunikwa mpaka uchipuke, halafu huanikwa juani na kusagwa uwe kimea. Jambo la kuanika laonekana jepesi kwa msomaji wa Dodoma au Shinyanga. Lakini Tukuyu ni mji ulio kwenye mteremko wa kusini wa mlima Rungwe, penye mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna majira ambayo jua huonekana kama mgeni apitaye njia. Mpishi hana budi kulivizia. Baadaye unga hupikwa uji, uji hupozwa, kimea hutiwa, na mchanganyiko huachwa siku kadhaa ufanye kazi yake. Tangu kuloweka hadi kunywa huchukua siku nyingi, aghalabu zaidi ya wiki moja, na katika siku hizo zote kuna kuni za kukata, maji ya kuteka, na, kabla ya mashine za kusaga, jiwe la kusagia lililopinda migongo ya vizazi vingi vya akina mama.

Aina moja ya pombe hii yastahili kuelezwa zaidi, nayo ni kimpumu. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Malawi, Wangonde wa Karonga, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa nasaba, huiita kipumu. Hii haimiminwi kikombeni kama togwa. Pombe nzito yenye makapi yake hutiwa chunguni, maji ya moto humwagwa juu yake, na wanywaji huvuta kwa mirija. Kimiminiko kikipungua, maji ya moto huongezwa, tena na tena, mpaka nguvu ya nafaka iishe. Katika nchi yenye ukungu na baridi kama ile, pombe ya moto ni jambo la busara kuliko ile ya baridi. Na wale wageni walioandika kwamba Mwafrika hajui kupika kinywaji ila kwa kubahatisha, yaelekea hawakukaa karibu na chungu cha kimpumu saa tatu za usiku mwezi wa Julai.

Lakini sifa yake kubwa kwa mwanahistoria ni nyingine. Pombe ya namna hii haiwekeki. Ikishaiva yapasa kunywewa upesi, vinginevyo huchachuka na kuharibika. Tena haibebeki kwenda mbali. Mtu mmoja hawezi kuimaliza, wala hawezi kuifungia kabatini. Kwa hiyo nafaka ikishageuzwa kuwa pombe, humlazimisha mwenye nayo kuwaita watu. Hapa desturi na uchachukaji vilishikana mikono, na si rahisi kusema kipi kilitangulia.

Desturi hiyo Wanyakyusa huiita ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzi wa rika, kula, kunywa, kuzungumza na kucheka. Monica Wilson, ambaye yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, aliliona neno hili kuwa ndilo ufunguo wa maisha yao, na kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kilipata jina lake humo. Alieleza jinsi wavulana walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, ikipanga, wakazeeka pamoja humo. Na jinsi ilivyokuwa aibu kwa mwanamume kula peke yake. Anayekula nyama au kunywa maziwa kwa siri alijihatarisha, kwani iliaminiwa kuwa wachawi hufuata harufu ya chakula wasichopewa, na kwamba manung'uniko ya majirani huweza kumpoza mtu mwili akaugua. Baadhi ya waandishi waliofuata, akiwamo Simon Charsley katika kitabu chake cha mwaka 1969, walilitazama upya jambo la vijiji vya marika, wakaona kwamba mambo hayakunyooka kama yalivyochorwa. Na iwe hivyo. Hata tukiipunguza picha ya Wilson kwa nusu, inabaki nchi ambayo ndani yake chakula kilikuwa deni kwa jirani, na kumlisha mwenzio hakukuwa ukarimu tu. Kulikuwa pia kinga.

Msomaji ataona mara moja kwamba katika nchi ya namna hiyo nyumba ya kuuza chakula haina pa kusimama. Nani atalipia kile anachodai bure kwa haki ya urika? Msafiri Joseph Thomson, aliyefika pande za kaskazini za ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia migomba na usafi wa vijiji hata akavifananisha na nchi ya njozi ya washairi. Mahali pa kununua mlo hakupataja, wala tusingetarajia apataje. Mgeni alipewa chakula na mkuu, au hakupewa.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1890. Mwaka 1891 wamisionari Wamoraviani walijenga kituo chini ya mlima Rungwe, na wale wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia nchi hiyo hiyo mwaka huo huo. Serikali ya Kijerumani ilikuwa kwanza na kituo chake Langenburg, kando ya ziwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliuacha ule mwambao wenye homa ikapanda mlimani, ikajenga boma jipya na kuliita Neu-Langenburg. Hapo ndipo Tukuyu. Waingereza walipoitwaa nchi mwaka 1916 jina la Kijerumani lilitupwa, la wenyeji likabaki.

Boma lilileta kodi ya nyumba, iliyoanza katika koloni lote mwaka 1898, na kodi ilileta haja ya fedha. Misheni nayo ilileta swali jipya juu ya chungu. Pombe ilihusika na tambiko. Katika misitu mitakatifu kama ule wa Lubaga, karibu kabisa na kituo cha Rungwe, wahenga waliombwa mvua na uzazi. Wamisionari walikuwa na sababu mbili za kuichukia, ulevi na upagani, na mwongofu alitakiwa aiache. Sasa huyu mwongofu atakaaje na wenzake? Mtu anayekataa mrija katika nchi ya ukwangala amekataa urafiki. Jibu lililopatikana polepole lilikuwa chai. Kinywaji hiki kilifaa ajabu: ni cha moto, huandaliwa kwa wengi katika chombo kimoja, huombewa dua bila lawama, na kina sukari, ambayo ilikuwa kitu cha fahari. Katika arusi za Wakristo birika lilikikalia chungu mahali pake.

Tena chai haikuwa ya kutoka mbali. Mbegu zake zilijaribiwa kwanza Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne hii tunayoitaja, na mwaka 1904 zikapandwa Kyimbila, mwendo mfupi tu kutoka Tukuyu. Kilimo cha biashara kilianza katika miaka ya 1920. Leo viwanda vya Katumba na Mwakaleli vyajulikana, na wakulima wadogo ndio wanaochuma sehemu kubwa ya majani. Hapa yapo mambo ya kuchekesha kidogo kwa mpenda lugha: neno letu mgahawa limetokana na kahawa, kwa asili ya Kiarabu, Rungwe hulima kahawa nzuri, lakini ukiingia mgahawani Tukuyu na kuketi bila kusema neno, utaletewa chai.

Nirudi kwenye fedha, kwani ndizo zilizofungua mlango wa biashara ya chungu. Dhahabu iligunduliwa Lupa, Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya vijana walitoka Rungwe kwenda kuchimba. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini. Walirudi na fedha mfukoni, na kwa mara ya kwanza kijana akawa tajiri kuliko baba yake katika kitu kimoja. Monica Wilson aliporejea kuyaandika mabadiliko haya katika kitabu chake For Men and Elders, cha mwaka 1977, aliyapima kwa miaka karibu 100 na kuonyesha jinsi mamlaka ya wazee juu ya vijana na juu ya wanawake yalivyolegea. Zamani ng'ombe walikuwa wa wazee, na kwa ng'ombe ndipo kijana alipopata mke. Kwa hiyo mzee alikuwa na nguvu ya kungoja. Shilingi haikungoja.

Na waume walipokuwa migodini, wake walibaki na mashamba, na watoto, na kodi iliyodaiwa kama kawaida. Walikuwa na nini cha kuuza? Walikuwa na ulezi, na walikuwa na ujuzi. Wale waliokuwa wakipika pombe ili mume apate heshima ya kuigawa, wakaanza kuipika ili wao wapate fedha. Sioni badiliko kubwa kuliko hili katika historia yote ya kula na kunywa huko Rungwe, nalo halina mwaka wala tangazo wala shujaa. Chungu ni kile kile, kimea kile kile, mikono ile ile. Ila anayepokea shukrani si yule yule.

Tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa rahisi. Kwa desturi ya Wanyakyusa mke wa mwana alipaswa kumkwepa baba mkwe kabisa. Hakumtazama, hakupita njia moja naye, alijifunika au kujificha aliposikia anakuja. Tafakari sasa hali ya mwanamke anayefungua mlango kwa kila mwenye fedha. Mteja wake atakuwa nani? Mji ulisaidia kidogo, kwani mjini watu ni wa kuchanganyika, na wengi ni wageni: karani, askari, dereva, fundi, mchuuzi. Haistaajabishi basi kwamba biashara hii ilistawi karibu na boma na kandokando ya barabara kuliko ndani ya vijiji.

Serikali ya Kiingereza iliitazama kwa macho mawili. Jicho moja liliona fujo na nafaka inayopotea. Jicho jingine liliona ushuru. Baada ya sheria ya mwaka 1926 kuwapa wakuu wa wenyeji mamlaka rasmi, pombe ikawa moja ya mambo waliyoyatolea amri: siku za kupika, saa za kuuza, ada ya kibali. Hivyo wazee walirudi kwa mlango wa nyuma. Hawakuwa tena wenye kuigawa pombe. Wakawa wenye kuitoza. Ndipo neno kilabu lilipoingia Kiswahilini kwa maana yake ya sasa, likiacha mbali maana ya Kiingereza. Kule klabu ni chama cha wateule wenye kadi. Huku kilabu ni banda lenye mabenchi ambamo mtu yeyote huingia.

Inafaa kulinganisha na kusini. Huko Natal sheria ya mwaka 1908 iliupa mji wa Durban haki ya peke yake ya kupika na kuwauzia Waafrika bia ya nafaka, na faida ikagharimia utawala wa hao hao Waafrika. Utaratibu huo uliigwa katika miji mingi ya Afrika Kusini na hata Rhodesia, na vijana wa Rungwe waliuona kwa macho walipokuwa migodini. Wanawake waliokuwa wapishi waligeuzwa wahalifu, na nyumba zao zikapekuliwa na polisi. Tanganyika haikufika huko. Serikali yake ilikuwa maskini na maofisa wake wachache. Iliona heri kutoza ada na kuacha upishi mikononi mwa wapishi. Hapana shaka haikufanya hivyo kwa huruma. Hata hivyo tofauti ni kubwa: kule manispaa ilinyang'anya chungu, huku ilikipiga muhuri. Mtu anayelaumu vilabu vya Tukuyu kuwa ni uchafu ulioletwa na wakoloni yampasa akumbuke kwamba wakoloni wangeweza kuvichukua wao wenyewe, wakawaachia akina mama majivu tu.

Miaka ya baada ya uhuru nitaipita kwa haraka, maana sheria zake ni nyingi kuliko mabadiliko yake. Wakuu wa jadi waliondolewa katika utawala mwaka 1963, na ushuru ukawa wa halmashauri. Sheria ya mwaka 1966 iliipiga marufuku pombe ya moshi, yaani gongo, ambayo huchujwa kwa mvuke. Na sheria ya mwaka 1968 iliweka leseni na saa za kuuza vileo vyote, vya kienyeji na vya kiwandani. Kiwanda cha bia kilichukuliwa na taifa baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, na mwaka 1993 kikaingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, bia ya chupa ilionekana wilayani kwa nadra. Kimpumu hakikuadimika, kwa kuwa hakikungoja lori wala kibali cha kuagiza kimea kutoka ng'ambo. Mwaka 2009 kiwanda kikubwa cha bia kilifunguliwa Mbeya, na chupa zikawa karibu.

Bia ya chupa ni tunda la elimu ya Pasteur, aliyechapisha utafiti wake juu ya bia mwaka 1876 na kuonyesha jinsi vijidudu vinavyoiharibu. Elimu hiyo iliifanya bia iweze kukaa. Ikikaa, yabebeka, ikibebeka, yamilikiwa na mmoja. Mtu aliyeketi baa na chupa yake mbele yake ana kitu ambacho babu yake hakuwa nacho: kinywaji kisichohitaji mwenzi. Sisemi kwamba ni mlevi zaidi ya babu yake. Nasema ni mnywaji wa namna nyingine, na wale wanaolia kwamba pombe si ya wazee tena wangelia kwa haki zaidi kama wangelia kwamba si ya kundi tena.

Lakini hata hilo si kweli kabisa, na ushahidi hupatikana kwa yeyote atakayepanda Tukuyu akiwa na njaa. Aingie kwanza katika mgahawa mmoja wa barabarani. Ataletewa ndizi, pengine mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama au maharage mpaka zikashikana na mchuzi wake, au wali, au ugali na mboga za majani. Hapo kila mtu ana sahani yake na hulipa yake, jambo ambalo lingemshangaza mwanamume wa ikipanga. Hata hivyo benchi ni moja. Mgeni atakaribishwa chakula na mtu asiyemjua, naye atajibu asante bila kunyoosha mkono, kwa kuwa wote wawili wajua kwamba mwaliko ni wa adabu tu. Deni la zamani limekuwa salamu. Mpishi kwa kawaida ni mwanamke, na ile lakabu ambayo Watanzania wamewapa wapishi wa namna hii, mama ntilie, imebeba ndani yake sauti ya mtu anayemwomba mama yake amtilie chakula. Anayelipa hupenda kusahau kwamba analipa.

Kisha aende kilabuni. Vijana wamo na wazee wamo, kinyume cha msemo tulioanza nao, na wanawake hawakosekani upande wa wanywaji. Ukelele ni mwingi, usafi hutofautiana. Lakini akiangalia penye kimpumu ataona kwamba anayenunua chungu hainunui peke yake, kwani hakuna chungu cha mrija mmoja. Wanne au watano huinamia chombo kimoja, na fedha iliyolipwa na mmoja leo italipwa na mwingine kesho, bila daftari. Chungu kikikauka huitwa yule aliyeipika, naye huja na maji ya moto. Siku hizi, kabla ya kumimina, huuliza kwanza ni nani anayelipa.